Dole Gumba la Yasinta

Unyambwa, Singida
11 Februari 2024

Mdogo wangu Alute,

Habari za siku nyingi. Mimi ni dada yako Yasinta. Huku sisi ni wazima, Mungu anasaidia. Mama yupo, goti la kulia linamsumbua lakini anatembea mpaka kisimani na kurudi. Sara wangu ameingia darasa la pili. Mvua ya mwaka huu ni ya kuruka. Inanyesha kwa jirani, sisi inatuacha. Uwele umeota vizuri, alizeti bado. Ng'ombe mwekundu wa mama alikufa mwezi wa kumi na mbili. Shemeji yako Manase anakusalimu. Siku hizi ni mwenyekiti wa mtaa, watu wanashinda hapa nyumbani wakitaka muhuri.

Barua hii nimeiandika mwenyewe. Usishangae. Imenichukua siku nne. Mwaka jana ulikuja mradi wa kufundisha watu wazima, na Manase kama mwenyekiti aliombwa atangaze. Akaniambia, nenda ukae mbele ili wengine waone mke wa mwenyekiti hana aibu. Nikaenda. Tunasoma shule ya msingi watoto wakishatoka, mwalimu wetu anaitwa Eliana, binti mdogo tu lakini ana subira. Magoti yangu hayaingii chini ya dawati, nakaa upande.

Mwalimu Eliana alituambia mradi huo huo uko magerezani, na huko Manyoni kuna mfungwa anayefundisha wenzake. Akataja jina lako. Nilisimama darasani nikasema, huyo ni wa tumbo moja na mimi. Wote wakapiga makofi.

Alute, kwa nini uliacha kuandika? Tangu mwaka 2019 hatujapata barua. Mama huuliza kila Jumapili. Mimi humwambia karatasi huko ni shida.

Najua barua hii inasomwa na afande kabla yako. Shikamoo afande.

Ni mimi dada yako,
Yasinta


Gerezani, Manyoni
17 Machi 2024

Dada Yasinta, shikamoo.

Barua yako ilifika tarehe ishirini na sita Februari. Nimechelewa kujibu. Nashukuru kusikia mama anatembea. Mwambie goti alikande kwa maji ya moto yenye chumvi, asingoje mpaka liniume na mimi huku. Pole kwa ng'ombe. Mimi ni mzima wa mwili. Hapa mvua imenyesha ya kutosha na bustani ya mchicha imetupa kazi.

Ni kweli nafundisha. Nilifika kidato cha pili, na kwa wenzangu hiyo ni kama chuo kikuu, kwa hiyo watu wa mradi waliponiuliza nilikubali. Tunasomea kwenye banda la useremala, mchana, kazi za nje zikiisha. Nilianza na watu thelathini na mmoja. Yupo mzee mmoja anaitwa Peniel, mfugaji wa upande wa Itigi, ana miaka sitini na zaidi. Mwezi wa kwanza hakuweza hata kushika kalamu, aliikamata kama fimbo ya kuchungia. Sasa anaandika. Neno la kwanza aliloandika bila kunakili lilikuwa jina la dume lake la ng'ombe aliloliacha nyumbani mwaka 2008.

Hongera kwa kusoma. Mwandiko wako unasomeka.

Umeuliza kwa nini niliacha kuandika. Sikutegemea uniulize swali hilo wewe. Niliandika barua saba. Niliuliza jambo moja tu katika zote, nikapata jibu lako, na jibu hilo ninalo mpaka leo kwenye mfuko wangu wa plastiki. Baada ya jibu lile sikuwa na la kuongeza. Tuliache hapo.

Msalimie mama. Msalimie Sara.

Alute


Unyambwa
28 Aprili 2024

Mdogo wangu Alute,

Habari za huko. Mama hajambo, maji ya chumvi yamemsaidia kidogo. Sara alikuwa na homa, amepona. Tumeanza kuvuna uwele. Ni kidogo, ndege wamekula.

Barua yako ilinikata. Niliisoma mara nyingi nikidhani ni mimi sijajua kusoma. Jibu lako. Jibu gani? Mimi sikuwa najua kuandika hata jina. Na hizo barua saba zote nilisomewa na Manase, na katika hizo saba sikusikia swali lolote. Nilisikia salamu. Nilisikia unaomba sabuni na ndala. Nilikutumia sabuni na ndala.

Nikamuuliza Manase barua ziko wapi. Akasema zililiwa na mchwa zamani. Sikubisha. Siku aliyokwenda kikao cha kata nilifungua sanduku lake la karatasi za mtaa. Zilikuwa chini kabisa, chini ya daftari la wakazi, zote saba, zimefungwa kwa kamba ya katani. Mchwa hawakuzigusa.

Imenichukua majuma mawili kuzimaliza. Nilikuwa nazisomea shambani, kwenye kivuli cha ghala, nikiweka kidole chini ya kila neno. Ile ya Septemba 2017 umeandika hivi: "Dada, hakimu alisema sina shahidi. Wewe ndiye shahidi wangu. Siku wanayosema nilivamia duka Mandewa kwa panga, saa tisa alasiri, mimi nilikuwa nimekulaza kwenye mkokoteni wa ng'ombe nakupeleka zahanati ukiwa na uchungu wa kujifungua. Nesi aliandika jina langu kwenye kadi yako. Njoo na kadi hiyo uape, iwekwe kwenye rufaa. Siku zinahesabiwa."

Manase alipoisoma barua ile alikuwa amekaa mlangoni. Nakumbuka. Alisema, "Anasema yeye mzima, anafanya kazi ya bustani, anaomba sabuni." Nikamuuliza, "Hajasema habari ya kesi?" Akasema, "Kesi imekwisha, mama Sara. Anataka kusahau na sisi tusahau."

Na kabla ya hukumu, ulipokuwa mahabusu, mimi nilikuwa kitandani na homa ya uzazi miezi miwili. Yeye ndiye alikwenda mahakamani. Akarudi akaniambia wanawake wenye watoto wachanga hawaitwi.

Jana nilimwekea barua mezani. Akaziangalia, akaniangalia mimi.

"Nani amekusomea?"

"Nimesoma mwenyewe."

"Hukuelewa."

"Nimeelewa mpaka nukta."

Akasema ningekwenda kujidhalilisha bure, wangeniuliza maswali mpaka nilie. Nikamuuliza maswali gani. Akavaa kofia yake akatoka.

Alute, kadi ninayo. Iko kwenye Biblia ya mama. Nimeitoa nikaisoma. Nesi ameandika: Ameletwa na ndugu yake Alute, saa tisa na dakika ishirini. Miaka hii yote nilikuwa naipeleka kliniki Sara anapimwa uzito, maneno hayo yako juu yake, mimi nayaangalia kama michoro.

Naileta. Niambie nije siku gani.

Dada yako,
Yasinta


Gerezani, Manyoni
2 Juni 2024

Dada yangu Yasinta, shikamoo.

Natumaini mama na Sara ni wazima na mavuno yameingia ndani. Huku mwezi wa tano umekuwa wa baridi. Wanafunzi wangu wamebaki ishirini na sita, wengine wamehamishwa, mmoja ameachiwa. Ishirini na sita hao wanasoma wote. Mzee Peniel amemaliza kitabu cha kwanza na anagombana na mimi anataka cha pili.

Nimekaa na barua yako siku nyingi. Nitakuandikia kilichopo, kwa kuwa sasa unajua kusoma.

Usilete kadi. Rufaa ya kwanza ilitupwa Mei 2019. Rufaa ya pili ilitupwa Machi 2022, na juu ya hiyo hakuna nyingine. Katika zote mbili yameandikwa maneno yaleyale: mrufani alidai kuwa alikuwa mahali pengine lakini hakuleta shahidi hata mmoja. Nilimuuliza afande anayeshughulikia mambo yetu ya mahakama. Ni mtu mwema, alipekua vitabu vyake siku nzima. Akaniambia kuomba marejeo, yaani hukumu iangaliwe upya, kuna muda wake na umepita, na hata ungekuwepo wangeuliza kwa nini ushahidi huu haukuletwa wakati ulikuwepo. Misamaha ya sikukuu haigusi kosa langu.

Sasa kuhusu jibu. Nakunakilia kama lilivyo, lina tarehe ya 8 Oktoba 2017:

"Alute, nimepata barua zako. Mimi sina la kusema mahakamani. Siku hiyo nilikuwa na uchungu, sikumbuki nani alinipeleka. Nina mtoto na nina mume mwenye heshima yake. Usinihusishe. Dada yako, Yasinta." Na chini kuna dole gumba.

Mwandiko niliujua ni wa shemeji, lakini nilisema mwandiko ni wa kuazima, dole ni la kwake. Niliandika tena mara tatu nikikubembeleza. Halafu nikaacha.

Miaka mitano nilikuchukia, dada. Lazima nikuambie. Ukurasa wa nane wa kitabu chetu una neno dada, lenye picha ya mwanamke na ndoo. Kila darasa nililofundisha niliuruka ukurasa ule. Mzee Peniel akaniuliza, "Mwalimu, mbona tunatoka saba tunaingia tisa?" Nikamwambia wa nane umekosewa kuchapwa.

Mama usimwambie chochote.

Alute


Unyambwa
21 Julai 2024

Mdogo wangu Alute,

Habari za huko na habari za wanafunzi wako. Mama anakusalimu sana. Alizeti tumekamua, mafuta si mabaya. Sara anakusalimu, ameshika nafasi ya nne.

Nakumbuka siku ile ya dole. Alikuja na kidau cha wino wa muhuri, akanishika mkono. Akasema, "Hii ni salamu kwa Alute, weka dole ajue ni wewe." Nikasema mwandikie pia kwamba mtoto anaitwa Sara, kwa jina la bibi yetu. Akasema ameandika. Nikabonyeza kwa nguvu ili lionekane vizuri.

Hukutaka nilete kadi, lakini nilikwenda nayo mjini. Kuna msaidizi wa kisheria ana meza karibu na soko, anaitwa Idrissa, anasaidia watu wa kawaida. Aliisoma kadi, akaisoma barua yako, akavua miwani. Akasema, "Mama, hii ingekuwa mwaka 2017 ningekimbia nayo mimi mwenyewe." Nikamwambia basi kimbia sasa. Akaandika barua ya kuomba kesi iangaliwe upya, akaituma mahakamani. Jibu limekuja juma lililopita, ni mistari mitatu. Maombi hayawezi kupokelewa. Niliisoma barua hiyo mwenyewe, palepale mbele yake, sikumwachia aisome yeye.

Manase amesema ukweli. Nilimuuliza kila siku, asubuhi nikimpa uji, mpaka akachoka. Siku Sara anazaliwa, yeye alikuwa Mandewa kwa mwanamke. Kama ningesimama kizimbani niseme ndugu yangu ndiye alinipeleka, swali la kwanza lingekuwa, mume wako alikuwa wapi? Na mwaka ule alikuwa anataka jina lake lipite kwenye uenyekiti. Basi. Ni hilo tu, Alute. Nilikuwa natafuta jambo kubwa, nilidhani labda ni yeye aliyevamia duka. Ingekuwa afadhali. Ni miaka thelathini yako kwa ajili ya aibu ya siku moja.

Nimehamia kwa mama. Nimemwambia nimekuja kumsaidia kwa sababu ya goti.

Sasa kuna jambo jingine. Mradi unafanya mkutano wa kutoa matokeo mwezi wa tisa, ukumbini hapa Singida mjini. Watakuja wageni, wakubwa wa wilaya na watu wa magereza. Mwalimu Eliana ameniomba nisome mbele yao barua yangu ya kwanza kwako, nakala yake iko kwenye daftari langu. Anasema ni mfano mzuri, dada nje na kaka ndani, wote mradi mmoja. Mkaribishaji wa wageni kwa niaba ya mitaa yetu ni Manase.

Mimi nataka nisome barua ya dole, hiyo uliyoninakilia. Niisome yote, na kadi niinyanyue juu, na yeye amekaa pale mbele. Sina kingine cha kukufanyia. Niambie.

Yasinta


Gerezani, Manyoni
18 Agosti 2024

Dada Yasinta, shikamoo.

Pole na mizunguko ya mjini. Mwambie Sara nafasi ya nne ni nzuri, mimi sikuwahi kuishika. Huku tuko salama. Mitambo inayojenga reli mpya tunaisikia tukiwa bustanini, inapiga kelele kuliko treni ya zamani.

Nimesoma ulichoandika kuhusu Manase.

Kuhusu mkutano, nakuomba usisome barua ya dole. Nakuomba kama mdogo wako. Nitakueleza kwa nini, halafu ufanye unavyoona.

Mkuu wa gereza alituita wawezeshaji akatuambia mradi unaisha mwaka huu. Huo mkutano ndipo wageni wataamua kama kuna awamu ya pili. Wakiridhika, tutapata kitabu cha pili na cha tatu, na wenye uwezo watasajiliwa mtihani wa darasa la saba. Wanataka kusikia matokeo mazuri. Ukisimama pale ukamvua nguo mwenyekiti wa mtaa mbele ya wakubwa, habari itakuwa hiyo. Watasema mradi umeleta ugomvi kwenye nyumba za watu, na hakuna atakayewakumbuka hawa ishirini na sita.

Dada, mimi hapa sina kitu kingine. Saa mbili zile za banda la useremala ndizo naitwa mwalimu. Nikitoka pale naitwa kwa namba. Mzee Peniel ameniambia, "Nikimaliza kitabu cha tatu ndipo nitamwandikia mke wangu, sitaki aone makosa." Ana haraka, maana kifua chake si kizuri.

Soma ile barua ya kwanza. Soma habari za mvua na goti la mama na magoti yako yasiyoingia chini ya dawati. Wacheke, wapige makofi. Manase naye apige. Mimi nimeshapoteza, hakuna utakachonirudishia pale ukumbini. Hawa bado.

Najua nakuomba jambo zito.

Alute


Unyambwa
29 Septemba 2024

Mdogo wangu Alute,

Habari za huko. Mama hajambo. Sara hajambo. Jua ni kali, kisima kimeshuka.

Mkutano ulikuwa juzi Ijumaa. Nakuandikia kama ulivyokuwa.

Ukumbi ulipambwa kwa vitambaa. Sisi wanakisomo tulivaa kanga za sare, tukakaa upande wa kushoto. Manase alikaribisha wageni. Alivaa suti ya harusi ya mdogo wake. Akasema, "Hata mke wangu mwenyewe ni tunda la mradi huu." Watu wakageuka kuniangalia. Hakuna aliyejua kwamba tangu Julai silali nyumbani kwake.

Akasimama bwana mmoja wa mradi kusoma matokeo. Picha zilikuwa zinatokea ukutani. Unyambwa tulianza arobaini na wanne, wanaosoma ni thelathini na wanane. Gerezani kwenu thelathini na mmoja, ishirini na sita. Nilipoona namba hiyo nikasema moyoni, hao nawajua. Wakaonyesha picha ya banda lenu, mmegeuza migongo. Nadhani wa kwanza kulia ni wewe, kwa jinsi ulivyoinamisha shingo.

Halafu nikaitwa.

Alute, ndani ya kanga nilikuwa na barua mbili na kadi. Sikuficha, nilizibeba makusudi, nikisema nitakapofika pale ndipo nitajua. Nikasimama. Manase alikuwa mstari wa mbele, mita tatu kutoka kwangu, na niliona ameziona. Alishika ncha za meza. Jasho likamtoka hapa juu ya midomo.

Nikafungua ile ya kwanza. Nikasoma kama ulivyoniomba. Goti, mvua, ng'ombe mwekundu, afande shikamoo. Wakacheka sana pale pa afande, na yule afande aliyekuja kutoka kwenu akapunga mkono. Nilipomaliza wakasimama wote wakapiga makofi. Manase alipiga kuliko wote. Halafu ndiye aliyepewa cheti changu anikabidhi. Akanipa mkono, wakatupiga picha.

Baada ya hapo mgeni mkubwa akaongea. Akasema matokeo yamewagusa. Akasema wafadhili wanatupongeza, na sasa mradi unafikia mwisho wake kwa mafanikio makubwa, na ni wajibu wetu wenyewe kuuendeleza kwa nguvu zetu. Nilidhani sijasikia vizuri. Nikamuuliza Mwalimu Eliana. Alikuwa anaangalia sakafu. Akasema, "Mama Sara, awamu ya pili haikuwepo. Walijua tangu mwezi wa sita."

Tukapewa pilau na soda. Dada mmoja wa mradi akaja na daftari, anaandika maoni. Akaniuliza kusoma kumebadilisha nini katika maisha yangu. Nikamwambia, "Nilikuwa na mume na nilikuwa na mdogo wangu." Akasema samahani, hajaelewa. Nikamwambia andika, nashukuru. Akaandika.

Nimefanya ulivyoniomba. Sijui kama nilifanya vyema. Gari lilikuwa linaturudisha Unyambwa, wenzangu wanaimba, mimi nikawa nafikiri kwamba nafasi ya kusema ilikuwa ile, na haitakuja nyingine, na niliitoa kwa ajili ya kitu kilichokuwa kimeshakufa.

Darasa letu limefungwa tangu Ijumaa. Mwalimu Eliana ameondoka kwenda kwao Iramba.

Nijibu hata mistari miwili.

Dada yako,
Yasinta


Gerezani, Manyoni
10 Novemba 2024

Dada yangu Yasinta, shikamoo.

Nimepata barua yako. Nashukuru kwa habari za nyumbani. Ni kweli wa kwanza kulia nilikuwa mimi.

Usijilaumu kwa mkutano. Mimi ndiye niliyekuomba, na niliomba bila kujua. Afande aliyekuja huko mkutanoni alirudi na soda zilizobaki akatugawia. Yeye naye hakujua.

Vitabu vilikusanywa tarehe kumi na tano Oktoba. Ni mali ya mradi, vinatakiwa kuhesabiwa na kurudishwa. Walitupa siku mbili. Mzee Peniel alinakili kurasa kumi na moja za kitabu chetu juu ya makaratasi ya mifuko ya saruji, kwa herufi kubwa kama za watoto. Nilimwambia apumzike, hakusikia. Juma lililofuata kifua kilimzidi akapelekwa hospitali, na hakurudi. Barua kwa mke wake hakuandika. Alikuwa akisubiri kitabu cha tatu. Nimeomba niiandike mimi, nimeanza mara nne. Siwezi kujua angesema nini.

Banda sasa ni la useremala tu. Natengeneza madawati, ya kuuzwa shule za nje.

Kuna habari nyingine. Jina langu limo kwenye orodha ya wanaohamishwa. Hatuambiwi wapi, wengine wanasema ni kusini, mbali. Barua hii inaweza kuwa ya mwisho kutoka hapa. Nikifika nitakuandikia, nikiruhusiwa. Mama akiuliza mwambie nimehamishiwa kwenye kazi nzuri zaidi. Hilo umezoea kumwambia.

Uliandika unataka kujua kama nimekusamehe. Hukuandika kwa maneno hayo lakini nimeyaona. Dada, akili yangu inajua huna kosa. Nimeitetea kesi yako moyoni kama wakili, nimekushindia kila siku. Lakini nikikumbuka jina lako, kinachotangulia ni lile dole jeusi chini ya karatasi, na moyo unafunga kama ulivyofunga siku ile ya kwanza. Miaka mitano ya chuki haitoki kwa barua nne. Nashindwa, na naona aibu kushindwa, kwa sababu wewe ndiye pekee uliyebaki kuniandikia.

Nikihesabu na theluthi wanayotupunguzia kwa tabia njema, imebaki miaka kumi na mitatu. Kila siku asubuhi nitajaribu tena kukusamehe.

Labda itatosha.

Mdogo wako,
Alute